Kuchangisha Fedha za Mradi wa Saratani ya Matiti Lamu: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Mtaani

Siku ya mwisho ya kambi yetu ya kwanza ya kupima matiti kule Faza, muuguzi alimwita mama mmoja pembeni akamwambia donge alilonalo kwenye ziwa la kushoto lazima likapimwe hospitali kubwa. Mama yule akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyebisha hodi kwake kumwalika. "Nimesikia, mwanangu. Na nauli?" Ndani ya mashua yetu mlikuwa na katoni mbili za fulana za rangi ya waridi zilizobaki. Nauli hatukuwa nayo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya swali lile. Ni wa vikundi vya akina mama, vijana, misikiti na makanisa ya Lamu vinavyotaka kuchangisha fedha za kupambana na saratani ya matiti. Wa Malindi, Kipini na Garsen pia wataufaa, wakibadilisha njia na nauli. Msimamo wangu ni mmoja: kabla ya kuchangisha pesa za kumwambia mwanamke ajipime, hakikisha una pesa za kumfikisha anakotakiwa kwenda akishajipima.

Hatua ya kwanza: mfuate mgonjwa mmoja mpaka mwisho wa safari

Usianze na bajeti. Anza na mtu. Keti na mwanamke aliyewahi kutibiwa, au na ndugu aliyemuuguza, umwombe akusimulie tangu siku aliyoligusa donge hadi siku aliyomaliza dawa. Andika kila pahali alipokwama.

Kwa huku kwetu simulizi huwa karibu moja. Anagundua donge anapooga. Haliumi, kwa hiyo analinyamazia. Baada ya miezi anakwenda zahanati, kisha anaelekezwa Hospitali ya King Fahd hapa Amu, yaani mjini Lamu, au Mpeketoni kwa wa bara. Pale anahitaji altrasaundi, halafu biopsi, yaani kutolewa kipande kidogo cha donge kikapimwe maabara. Tiba ya mionzi ni safari ya Mombasa, Hospitali ya Rufaa ya Coast General, zaidi ya kilomita 300: boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen na Malindi. Wa Kizingitini au Kiwayu huongeza safari ya bahari kabla ya hiyo.

Sasa hesabu mara ngapi. Kemotherapia, yaani dawa kali za kuua saratani, huwa mizunguko sita hadi minane, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Mionzi ni kila siku ya kazi, kwa wiki tatu hadi tano, na hakuna anayeweza kurudi Amu kila jioni. Baadhi ya wagonjwa, wale ambao saratani yao hulishwa na homoni, hupewa vidonge kama tamoksifeni vya kunywa miaka mitano au zaidi. Kidonge hicho ni cha bei nafuu. Kinachowashinda wengi ni kukifuata mwezi baada ya mwezi.

Kuna jambo dogo la kipimo ambalo wachangishaji wengi hatulijui, na hupoteza fedha. Kipande cha biopsi hutakiwa kitiwe ndani ya fomalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10 haraka, ndani ya saa moja, na ili vipimo vya homoni vitoke sawa kisikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Kikitolewa Ijumaa asubuhi, kikakosa basi, kikasubiri Jumatatu, huenda mgonjwa akaitwa kutolewa kingine. Mjumbe wa uhakika wa kupeleka vipande maabara siku za mwanzo wa wiki ni kitu cha kuombewa ruzuku. Hakipendezi kwenye picha, lakini kinaokoa.

Hatua ya pili: nenda idara ya afya ya kaunti kabla ya kwenda kwa mfadhili

Mfadhili wa maana atauliza, "Kaunti inasemaje?" Usijibu kwa kubahatisha. Mwombe afisa wa afya ya jamii, au anayesimamia magonjwa yasiyoambukiza, akupe muda, kisha muulize: nani anafanya biopsi na siku gani, vipande vinakwenda maabara ipi, mgonjwa akipelekwa rufaa nani anampigia simu kujua kama alifika. Mkikubaliana, wekeni makubaliano ya maandishi yenye sahihi na muhuri. Waombeni pia wahudumu wa afya ya jamii wa vijiji vyenu. Tangu 2023 serikali imewaandikisha takriban 100,000 nchi nzima, na wao ndio wanaoijua kila nyumba. Kuna na wenye uzoefu wa visiwa: Safari Doctors, shirika alilolianzisha Umra Omar hapa Lamu, limekuwa likipeleka kliniki kwa mashua tangu 2015. Kabla ya kununua chochote, kaulizeni wamejifunza nini.

Hapa ndipo nitakaposema jambo litakalowaudhi baadhi ya watu. Msichangishe pesa za kununua mashine ya mamogramu, ile ya kupiga matiti picha ya eksirei. Nimeiona mashine ya bei kubwa, iliyotolewa kwa moyo safi, imefunikwa shuka mwaka mzima kwa kukosa fundi na msomaji wa picha. Shirika la Afya Duniani lenyewe hushauri kwamba penye huduma dhaifu kianzwe na kugundua mapema walio na dalili na kuwatibu haraka, kabla ya kuwapiga picha wasio na dalili. Ikiwa mfadhili anataka lazima kununua kifaa, mwelekezeni kwenye altrasaundi ya kubebeka na mafunzo ya muuguzi wa kike wa kuitumia.

Hatua ya tatu: usajili, akaunti na sahihi

Kikundi cha mtaani husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mnahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha kikundi na orodha ya viongozi. Kisha chukueni PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) ya kikundi, mfungue akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Watia sahihi wawe watatu, na wawili kati yao lazima wawepo ndipo pesa itoke. Wasiwe wa nyumba moja. Najua ni vigumu kumwambia hivyo shangazi yako, lakini mwambie leo.

Mkitaka ruzuku kubwa za nje, cheti cha kikundi hakitoshi. Mashirika ya manufaa ya umma yana sheria yake ya 2013, iliyoanza kutumika rasmi Mei 2024, na masharti yake ni mazito zaidi. Kikundi kichanga kisikimbilie huko. Tafuteni shirika lililokwisha kusajiliwa liwe mwavuli wenu: fedha zinaingia kwake, ninyi mnafanya kazi, na asilimia atakayokata kwa usimamizi inaandikwa tangu mwanzo. Kampuni zinazotaka nafuu ya kodi kwa mchango wao nazo hupendelea kupitia shirika la namna hiyo.

Hatua ya nne: hesabu ya mgonjwa mmoja

Hapa ndipo ombi zuri linapopatikana. Bei nitakazoweka ni za kuonyesha njia tu. Wewe weka za siku yako, ulizoziuliza kituoni Mokowe.

Chukua mgonjwa wa Amu na msindikizaji wake. Nauli ya wawili kwenda na kurudi, pamoja na boti, tuseme 7,000. Chakula na malazi ya siku tatu, 4,500. Safari moja basi ni shilingi 11,500. Safari mbili za vipimo ni 23,000. Safari nane za kemotherapia ni 92,000. Mionzi ya wiki tatu, siku 21 kwa 1,200 kila siku, ni 25,200, ongeza nauli 7,000, jumla 32,200. Mpaka hapo 147,200.

Halafu bima. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, imechukua nafasi ya NHIF, na ina kifurushi cha saratani chenye kikomo cha kila mwaka. Asiye na mshahara hulipa kwa kadiri ya mapato ya kaya yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kaya nyingi za wavuvi zimesimama hapo kwenye 3,600. Sijaona matumizi ya sadaka yenye faida kuliko haya: kiasi cha mchele wa wiki chache kinamfungulia mgonjwa tiba ya maelfu. Ongeza hiyo, tumefika 150,800. Weka asilimia 10 ya dharura, kwa maana kusi likichafuka boti hulala na mgonjwa hulala nayo. Jumla 165,880.

Zidisha kwa idadi ya wagonjwa mnaoweza kuwasindikiza kweli. Wanne ni 663,520. Hiyo ndiyo bajeti ya kwanza. Mafunzo, redio na mabango yanakuja baada yake, na kwa kikundi kipya yasizidi robo ya fedha zote.

Hatua ya tano: fedha zinatoka wapi

Anzeni nyumbani. Mfadhili wa mbali huona haya kukataa watu waliokwisha kuchangishana wenyewe, na Lamu ina desturi ya kutoa iliyo kongwe kuliko ruzuku zote.

Zaka, sadaka na wakfu ni vitu vitatu mbalimbali, msivichanganye. Zaka ya mali ni asilimia 2.5, na wanaostahiki ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Maulamaa wengi husisitiza imilikishwe mtu anayestahiki. Kwa hiyo mgonjwa fukara hupewa zaka mkononi, naye akalipa nauli na bima, lakini kulipia tangazo la redio au posho za mkutano kwa zaka ni jambo la kumuuliza kwanza shehe wa mtaa, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu zenu. Sadaka ina wasaa zaidi: mafuta ya boti, mafunzo ya wauguzi, kalamu na daftari. Wakfu ndio hazina tuliyoisahau. Mtu akiweka wakfu chumba cha duka Langoni, kodi ya kila mwezi ikaenda kwa wagonjwa wanaosafiri, huo ni mfuko usiohitaji kuombewa tena. Mwenye nia hiyo aelekezwe kwa Tume ya Wakfu, yenye ofisi Mombasa, ili hati ziwe sawa kabla warithi hawajaanza kuulizana.

Unapomwendea mwenye duka, usimwombe "mchango wa kansa". Mwombe safari. "Assalamu alaikum, ami. Kuna mama wa mtaa wa pili ana safari nane za Mombasa. Saba tumezipata. Nimekuja kwako kwa ile ya nane." Jina la mama usilitaje. Ami atajua anatoa kitu gani na kitaisha lini, na mara nyingi hutoa papo hapo.

Harambee ya hadhara ina sheria yake, ile ya Michango ya Umma, Sura ya 106, kwa hiyo ulizeni kibali kwa ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kabla ya kuzungusha kikapu. Ofisi ya serikali haifai kugeuzwa mahali pa kukusanyia, hata kama chifu ni ndugu yako. Kwa walio mbali, watu wa Amu walioko Mombasa, Nairobi na Ughaibuni, tumieni M-Changa, jukwaa la kuchangisha kwa simu, au namba ya Paybill ya kikundi. Namba ya simu ya mtu binafsi isitumike kamwe, awe mwaminifu namna gani.

Nje ya mtaa kuna milango kadhaa. Mfuko wa NGAAF, unaopitia ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, husaidia vikundi vya akina mama. Ni fedha za umma, kwa hiyo dai risiti na utoe risiti. Safaricom Foundation imekuwa na mpango wa Ndoto Zetu, ambao huanza na mapendekezo ya wananchi. Balozi nazo zina ruzuku ndogo: Japani ina msaada wa miradi ya mashinani, unaoelemea majengo na vifaa na ambao haulipi mishahara, Australia ina mpango wa misaada ya moja kwa moja kwa miradi midogo ya jamii. Yote haya yana msimu wa kupokea maombi, na ukipita umepita mpaka mwaka mwingine. Kwa mgonjwa aliyekwama na gharama za matibabu yenyewe, andikieni Faraja Cancer Support Trust ya Nairobi, na mjiunge na mtandao wa mashirika ya saratani nchini, KENCO, ambako matangazo ya ruzuku husikika mapema.

Hatua ya sita: kuandika ombi

Kurasa tatu zinatosha kwa mfadhili mdogo. Weka ukubwa wa tatizo kwa ufupi: mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya matiti 6,799, ndiyo saratani iliyoongoza nchini, Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, na sehemu kubwa yao huhesabu boti kabla ya kuhesabu basi. Halafu achana na takwimu, simulia ile safari ya hatua ya kwanza.

Malengo yapimeni kwa kipimo ambacho wafadhili wanakitambua. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uliozinduliwa 2021 una tarakimu tatu, 60, 60 na 80: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na asilimia 80 wamalize tiba. Kikundi cha mtaani hakiwezi kubeba ya kwanza peke yake, lakini ya pili na ya tatu ndiyo kazi yenu hasa. Aya ya ombi inaweza kuwa hivi:

"Tunaomba shilingi 663,520 kwa mwaka mmoja ili kuwasindikiza wanawake wanne wa Amu kutoka kipimo cha kwanza hadi mwisho wa tiba Mombasa. Kikundi kimekwisha kuchanga nauli ya safari sita. Tutahesabu siku kati ya rufaa na majibu ya biopsi kwa kila mgonjwa, na kueleza sababu pale zinapozidi 60. Hatutatoa majina wala picha za wagonjwa."

Angalia hakuna "kuwawezesha", hakuna "kuleta mabadiliko endelevu". Kuna watu, safari na siku.

Hatua ya saba: stara

Mfadhili mmoja aliwahi kutuomba picha ya mgonjwa "akionyesha hali halisi". Tulikataa, fedha zikaenda kwingine, na hadi leo sijuti. Mwanamke wa Lamu aliyekubali kuvua buibui mbele ya muuguzi ametuamini kuliko mtu yeyote. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zinalindwa zaidi na haya zetu. Mpeni kila mgonjwa namba, daftari la majina likae kabatini kwa mtu mmoja, na wachunguzi wote wawe wanawake, ndani ya nyumba au kituo chenye pazia. Picha zitakazotumwa ziwe za boti, bandari, mafunzo. Msiwasahau wanaume pia: karibu mmoja katika kila wagonjwa mia wa saratani hii ni mwanamume, na wao huficha zaidi.

Katika mazungumzo na akina mama, anzeni na habari njema, maana hofu ndiyo inayofunga milango. Madonge mengi ya ziwa si saratani. Lakini donge jipya, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, uvimbe wa kwapa, yote hayo yaonwe na mhudumu wiki hiyohiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi zetu walishasema.

Hatua ya nane: kutumia na kutoa hesabu

Nahodha wa mashua hana risiti. Chapisheni kitabu chenu cha hati za malipo: tarehe, safari, kiasi, jina, sahihi au dole gumba la nahodha, na sahihi ya shahidi. Ujumbe wa M-Pesa unakiliwe daftarini siku hiyohiyo. Daftari liwe na safu tatu, zaka, sadaka na ruzuku, na pesa ya safu moja isivuke kwenda nyingine bila uamuzi ulioandikwa. Kila miezi mitatu bandikeni hesabu msikitini na kwenye ukuta wa zahanati, zisomwe na waliotoa shilingi hamsini.

Mambo yakiharibika, mwambieni mfadhili kabla hajauliza. Tulipochelewesha wagonjwa wawili kwa sababu ya bahari, tuliandika barua wiki ileile, na mfadhili akatuongezea muda.

Kalenda

Oktoba ndiyo mwezi wa kimataifa wa saratani ya matiti na kila mtu anaomba. Maombi yenu yawe yamefika Aprili au Mei. Kliniki za visiwa vya mbali zifanyeni kaskazi, bahari ikiwa tulivu. Juni na Julai kusi halina huruma. Ramadhani kusanyeni zaka na sadaka, lakini msiite kliniki mchana. Maulidi na sherehe za utamaduni za Novemba huleta wageni na wenyeji waliohama, ndio wakati wa kuzungumzia wakfu.

Na siku ruzuku ya kwanza itakapoingia, kabla ya kununua hata ratili ya sukari ya mkutano, toeni gharama za miezi mitatu za kila mgonjwa aliye katikati ya tiba, mziweke akaunti ya pili. Wafadhili hubadilika, balozi hubadilisha vipaumbele, na kemotherapia haikatwi mzunguko wa nne ikangojea mwaka mpya wa fedha. Akiba hiyo isiguswe, hata kwa mkopo wa wiki moja.